Hakuna Aliyeniuliza Ninashika Nini Kazini

Miaka yote ambayo mimi na mke wangu tulihangaika kutafuta mtoto, wa kuulizwa alikuwa yeye. Aliulizwa na mama yangu, na mashangazi zangu, na wakunga, na waganga, na hata akina mama wa kanisani waliokuja kumwombea: siku zako zinakwendaje, uliwahi kutoa mimba ukiwa msichana, kwenu kuna mwanamke aliyekosa uzazi? Mimi nilikaa pembeni kwenye benchi na kombati yangu iliyopigwa pasi, watu wakinipa pole kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiyezaa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nafanya kazi gani jeshini, na mikono yangu inashika nini kutwa nzima.

Nilikuwa fundi wa magari. Sasa nimestaafu, naishi Moshi, na naandika haya kwa sababu ya kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyeoa juzijuzi. Ni fundi rangi wa magari, anapuliza rangi kwenye kibanda kilichozibwa kwa maturubai. Mimba ya kwanza ya mkewe imeharibika, na nimesikia mama mkwe ameshaanza kumzungusha yule binti kwa waganga. Nilipomuuliza kijana kama na yeye amepimwa, alinitazama kwa mshangao. "Mzee wangu, mimi sina tatizo. Mimba si zinaingia?"

Jibu hilo nililitoa mimi pia nilipokuwa na umri wake. Ndiyo maana nataka kuanza na karakana.

Ilikuwa banda refu la bati lenye mashimo ya kuingilia chini ya gari. Injini ikifunguliwa, kila kipande kinaoshwa: pistoni, valvu, kabureta, beringi, gia. Tuliosha kwa petroli, siku nyingine kwa mafuta ya taa, na mara nyingi kwa dawa ya kuondoa grisi iliyokuja kwenye mapipa ya bluu. Dawa ile ilikuwa na harufu tamutamu. Grisi iliyogandamana kwa miaka ilitoka papo hapo, na spea ikakauka yenyewe bila kufutwa. Tuliipenda sana. Tulitumbukiza mikono mpaka viwikoni bila glovu, na jioni tukanawa kwa petroli kabla ya sabuni ya kipande. Gari likihitaji rangi mpya, tulichanganya rangi na thina na kupuliza humo humo ndani. Kambi niliyokaa muda mrefu ilikuwa sehemu ya baridi, na ukifika mwezi wa Juni na wa Julai tulifunga milango yote miwili. Hewa ile ile tulivuta kutwa.

Ukishuka shimoni ukakaa kidogo, kichwa kinaanza kuzunguka. Sasa najua sababu: mvuke wa petroli na wa dawa nyingi za aina hii ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutuama chini, yaani pale pale alipolala fundi. Wakati ule tulicheka tu. Mtu akipanda kutoka shimoni akiyumba, tulisema amelewa bila kulipa. Kichwa kiliuma kuanzia Jumatatu, Jumapili kikatulia, Jumatatu kikarudi. Hatukuhesabu hilo kuwa ugonjwa, maana kila mtu alikuwa nalo.

Siku za kupuliza rangi tulipewa maziwa. Mpaka leo nikipita kwenye gereji za mjini naona vijana wananunua maziwa ya pakiti wakiamini yanasafisha kifua. Hayasafishi. Maziwa yanakwenda tumboni, mvuke unakwenda kwenye mapafu na kuingia kwenye damu, na kinachoguswa kwa mkono kinapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu hiyo hiyo. Dawa hizi kazi yake ni kuyeyusha mafuta, na mwili wa binadamu una mafuta mengi: ubongo, mishipa ya fahamu, uboho wa mifupa. Huko zinafika kirahisi.

Ovaroli yangu aliifua mke wangu. Aliiloweka kwenye beseni moja na nguo zake, ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi hiyo hiyo. Aliniambia mara nyingi kwamba ile harufu inamtia kichefuchefu, na majirani wakamjibu kwamba kichefuchefu ni dalili njema.

Mimba zilishika na zikaharibika. Ziliharibika mapema, mwezi wa pili au wa tatu, kabla hata hajaanza kuonekana. Mimi ni kitindamimba kwa baba yangu, na kwa mila yetu sisi Wachaga kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazee na kihamba chao, yaani shamba la migomba la ukoo. Kwa hiyo suala la mtoto wangu halikuwa langu na mke wangu peke yetu, lilikuwa la ukoo mzima. Tulipokuja likizo ya Desemba, wakati Wachaga wote wanapanda mlimani, mke wangu aliomba tufike usiku na kuondoka alfajiri. Kaka yangu mkubwa aliniita chini ya migomba akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba hakuna sheria ya jeshi inayomkataza askari kuoa mke mwingine. Sikuoa. Ila mke wangu aliishi kwa miaka akijua kwamba maneno hayo yalishasemwa.

Baadaye nilipelekwa kozi ya utunzaji stoo, na niliporudi nikapangwa ofisini kwenye usafirishaji. Kazi yangu ikawa leja, hati za mafuta na ratiba za safari. Kabla mwaka haujaisha mke wangu alishika mimba, ikakaa, akamzaa binti yetu. Ukoo ulisema maombi yamejibiwa, na mimi nilimshukuru Mungu na bado namshukuru. Lakini nilishaanza kuona kwamba kilichobadilika nyumbani kwetu mwaka ule kilikuwa kimoja tu.

Sisemi kwamba nina uthibitisho. Mimba zinaharibika kwa sababu nyingi, nyingine kwa watu ambao hawajawahi kuona gereji. Ninachosema ni kwamba swali la kazi lilistahili kuulizwa siku ya kwanza, na liliulizwa nilipokuwa nimeshastaafu.

Aliyeliuliza alikuwa daktari kijana. Nilikwenda kwake kwa sababu nyingine kabisa: nyayo zilikuwa zimekufa ganzi, nikivua kandambili sijui kama zimetoka. Sukari ilikuwa sawa. Akapima hiki na kile, kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, kabla hujastaafu ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Askari."

"Ndiyo, afande. Lakini jeshini ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unaosha spea kwa kitu gani? Unanawa kwa kitu gani?"

Tulikaa muda mrefu siku ile, foleni nje ikinung'unika. Alinieleza kuhusu viyeyushi, jina linalokusanya petroli, thina, vimiminika vya kuondoa grisi, vya kufulia nguo bila maji, gundi za viatu, na vinavyochanganywa kwenye rangi na vanishi. Alisema heksani, iliyomo kwenye petroli na kwenye gundi nyingi, inajulikana kuua mishipa ya fahamu ya miguu na mikono kuanzia ncha za vidole. Benzini, ambayo nayo imo ndani ya petroli, inaharibu uboho unaotengeneza damu na inasababisha saratani ya damu. Hilo la benzini wanasayansi hawabishani tena. Mwaka 2003 kamati ya wanasayansi iliyopewa kazi ya kuchunguza kemikali walizokutana nazo askari wa Marekani kwenye vita vya Ghuba ilisema wazi kwamba ushahidi wa benzini na saratani ya damu unatosha.

Nilimsimulia habari za mke wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na wewe ulipimwa?"

Sikuwahi kupimwa. Sikuwahi kuambiwa kwamba kuna kipimo. Alinieleza jambo ambalo naona kila mwanamume anayeshika thina anapaswa kulijua: mbegu za kiume hazikai tayari maisha yote, zinatengenezwa upya kila siku, na mbegu moja inachukua kama siku 74 kukamilika, halafu inasafiri na kukomaa kwa wiki kadhaa nyingine. Kwa hiyo mbegu unayoitoa leo ilianza kutengenezwa miezi mitatu hivi iliyopita, ukiwa unavuta ulichokuwa unavuta wakati ule. Dawa fulani zinapunguza idadi ya mbegu, nyingine zinaharibu umbo na mwendo wake, nyingine zinagusa vinasaba vilivyomo ndani. Mbegu iliyoharibika inaweza kushindwa kutunga mimba, na inaweza pia kutunga mimba isiyodumu. Ndiyo maana jibu la yule kijana fundi rangi, kwamba mimba zinaingia, halimtoi kwenye hesabu.

Jambo hilo hilo ndilo lenye matumaini kwake. Mwanamume akiacha kukutana na dawa hizi, mara nyingi mwili unapata nafasi ya kutengeneza upya, na baada ya miezi mitatu au zaidi kipimo kinaweza kuonyesha tofauti. Mwanamke hana nafasi hiyo. Mayai yake yote anazaliwa nayo.

Nikaanza kusoma. Mpwa wangu ni muuguzi, akawa ananitafutia maandiko na kunifafanulia. Mengine yalinikosesha usingizi. Mwaka 1995 huko Korea Kusini, kiwanda kimoja cha vifaa vya umeme kilikuwa kimebadilisha kiyeyushi chake cha kusafishia na kuingiza kingine kilichodhaniwa ni salama zaidi, kinachoitwa 2-bromopropani. Wanawake wengi wa idara ile, bado vijana, walikatika hedhi kwa sababu ovari zao ziliharibika. Wanaume wa idara hiyo hiyo walipopimwa, wengi walikutwa mbegu ni chache au hakuna kabisa. Kabla ya hapo, miaka ya 1980, wapaka rangi wa gati la kujengea meli huko Marekani walipimwa na kukutwa na upungufu wa mbegu. Rangi walizotumia zilikuwa na viyeyushi vya jamii ya glaikoli etha. Nilipofika hapo nilifunga karatasi nikatoka nje. Wale walikuwa wanafanya kazi ile ile niliyofanya mimi.

Kuhusu wanawake wajawazito, utafiti uliotolewa mwaka 1999 kutoka Toronto, Kanada, uliwafuatilia wajawazito 125 waliofanya kazi na viyeyushi na kuwalinganisha na wengine 125 wasiofanya. Kundi la kwanza lilipata watoto 13 wenye kasoro kubwa za maumbile, la pili mmoja. Katika wale 13, mama 12 walikuwa na dalili wakati wa kazi: macho kuwasha, kifua, kichwa. Yaani kichwa kinachozunguka kazini si jambo la kuchekwa. Mwili unasema umepokea kiasi kikubwa, na kilichomo kwenye damu ya mama kinavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto.

Habari iliyonikaa zaidi ni ya Camp Lejeune, kambi ya wanamaji wa Marekani jimbo la North Carolina. Nimeisimulia kwa wastaafu wenzangu mara nyingi kwa sababu inahusu askari na familia zao, na kwa sababu pale hawakuhitaji hata kushika dawa kwa mikono. Waliinywa. Kuanzia Agosti 1953 mpaka Desemba 1987 maji ya mitambo miwili ya kusambaza maji kambini yalikuwa yamechanganyika na viyeyushi. Upande mmoja ilikuwa trikloroethilini, ile ya kuondoa grisi, pamoja na benzini iliyovuja kwenye matangi ya mafuta. Upande mwingine ilikuwa perkloroethilini iliyotoka kwenye duka la dobi wa kufua nguo bila maji lililokuwa nje ya geti. Mwaka 1982 kipimo kimoja cha trikloroethilini kilifika mikrogramu 1,400 kwa lita, wakati kiwango kinachoruhusiwa leo nchini mwao ni 5. Inakadiriwa watu wapatao milioni moja walipita pale, askari, wake zao na watoto.

Sajenti mmoja wa kambi ile, Jerry Ensminger, alimpoteza binti yake Janey mwaka 1985 kwa saratani ya damu. Mtoto alikuwa na miaka 9. Baba alikaa miaka 12 akijiuliza kwa nini, mpaka mwaka 1997 alipoona habari za maji yale kwenye televisheni. Hakunyamaza tena. Mwaka 2012 Marekani ilitunga sheria, sehemu yake ikabeba jina la yule mtoto, inayowapa matibabu walioishi kambini pale kwa maradhi 15. Ndani ya orodha hiyo, pamoja na saratani za figo, matiti, kibofu na damu, kuna ugumba wa wanawake na kuharibika kwa mimba. Niliposoma mstari huo nilimwita mke wangu atoke jikoni nikamsomea. Alisimama na mwiko mkononi. Akaniambia, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Basi kuna mahali wameandika."

Trikloroethilini yenyewe, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitia mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka, hasa ya figo. Desemba 2024 Marekani ilitoa kanuni ya kuipiga marufuku. Yale mapipa yetu ya bluu sijui hakika yalikuwa na nini, karatasi zake zilishabanduka kabla hayajatufikia. Harufu tamutamu na ukaukaji wake vinanifanya nishuku.

Kuna askari mwenzetu wa kike aliyefanya kazi ghala la silaha, sasa anaishi Arusha upande wa Ngaramtoni. Silaha husafishwa kwa mafuta na viyeyushi, na ghala la silaha kwa usalama halina madirisha. Nilikwenda kumtembelea baada ya kusoma haya yote. Nilimuuliza kama ningemuuliza dada yangu, na akaniambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia afande yeyote. Alipokuwa mjamzito alisikia kichwa chepesi na kutapika kila alipoingia ghalani. Alikaa kimya, kwa sababu askari wa kike akilalamika wanasema ndiyo maana hatukuwataka. Mimba ile ilitoka. Mimba iliyofuata aliomba ahamishiwe mapokezi, na mkuu wake, mzee wa makamo mwenye mabinti, akamhamisha siku hiyo hiyo bila kumuuliza sababu. Mtoto wa mimba ile sasa ni mwalimu Karatu.

Nilimwuliza ana hasira? Akasema hasira yake ni moja: kwamba wote wawili, yeye na mke wangu, walibeba aibu ya kitu kilichokuwa kwenye kopo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au mama anayenyonyesha kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Ni kifungu kizuri, na kila dada anayefanya kazi kwenye gereji, kiwanda cha viatu, saluni au duka la kuchapa nguo anaweza kukishika mkononi na kwenda nacho kwa bosi. Sheria hiyo hiyo haiwahusu walio kwenye utumishi wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT, isipokuwa kwa vifungu vichache kama vile vya kukataza ubaguzi. Natamani sana kwamba ulinzi wa mjamzito nao ungevuka geti la kambi. Nasema hivyo kama mtu aliyelipenda jeshi na anayelipenda bado.

Rafiki yangu mmoja wa karakana alianza kutetemeka mkono wa kulia, mwendo ukawa wa kuburuta miguu, uso ukaganda. Kijijini wakasema ni pombe, wengine wakasema amerogwa na nduguze kwa ajili ya shamba. Daktari alisema ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Mwaka 2023 ulitoka utafiti uliowalinganisha askari waliokaa Camp Lejeune na wa kambi nyingine, Camp Pendleton, ambayo maji yake hayakuwa na shida hiyo. Wa Lejeune walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata Parkinson, kwa asilimia 70. Nilimwambia mke wa rafiki yangu habari hiyo. Haikumponya mumewe, lakini ilimaliza kesi ya uchawi kati yake na shemeji zake, na sasa wanapokezana kumhudumia.

Kwa hiyo sasa, asubuhi nikishuka mjini, napita kwenye gereji za njia ya Pasua. Vijana wameshanizoea, wananiita afande hata wasiojua kama nilikuwa askari. Siwaambii waache kazi, maana wana kodi na watoto. Nawaambia ya kufanyika. Usinawe kwa petroli: tumia mafuta ya kupikia kulainisha grisi, kisha sabuni na majivu au unga wa mahindi wa kusugulia. Spea ioshwe nje ya banda, kwa brashi yenye mpini, na beseni lifunikwe ukimaliza. Usiingie shimoni mara baada ya kumwaga petroli humo. Glovu nyembamba za zahanati zinapitisha. Tafuta za nitrile, zile za bluu au za kijani nzito, na zikianza kulainika zitupe. Barakoa ya kitambaa, au ile tuliyovaa wakati wa korona, inazuia vumbi na haizuii mvuke hata kidogo. Mpuliza rangi anahitaji ile yenye vichujio vya mkaa pembeni, na harufu ikianza kupenya ujue kichujio kimekwisha. Ovaroli ibaki kazini, na kama lazima irudi nyumbani, ifuliwe nje, peke yake, na asifue mjamzito. Mama anayenyonyesha naye asiishike, kwa sababu baadhi ya dawa hizi zinapita kwenye maziwa yake.

Wale wenye mwajiri nawaambia jambo la ziada. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, na OSHA, wakala wa serikali unaosimamia sheria hiyo, wana ofisi ya kanda Arusha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao unatambua magonjwa yanayotokana na kazi, ajali si peke yake. Lakini hakuna atakayekutetea kama kwenye cheti chako cha hospitali hakuna mahali palipoandikwa unafanya kazi gani. Mwambie daktari hata asipouliza. Mwambie jina la dawa, au piga picha kopo.

Yule kijana fundi rangi nilimkalisha jioni moja pamoja na mkewe na mama yake mzazi, kwa makusudi mama akiwepo. Nilieleza kwamba karibu nusu ya wanandoa wenye shida ya uzazi, upande wa mwanamume una mchango wake, na kwamba kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko karibu vipimo vyote anavyofanyiwa mwanamke: unakaa siku 2 mpaka 7 bila tendo, unatoa sampuli, inafika maabara ndani ya saa moja. Mama alinisikiliza akiwa ameinamisha uso. Mwishoni akasema, "Meku, kwa hiyo mwanangu ndiye mwenye kasoro?" Nikamjibu kwamba mwanaye hana kasoro, banda lake ndilo lenye kasoro, na banda linabomoleka. Kijana amekubali kupima. Ameomba pia miezi kadhaa afanye bodi na kunyoosha mabati, mwenzake apulize nje kwenye hewa, kisha wajaribu tena. Safari za kwa waganga zimesimama.

Sisi wastaafu tunakutana kila mwezi, wengine wanatoka Arusha, Monduli na Same. Mwanzo kilikuwa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku hizi kabla ya hesabu za fedha tunaandika kwenye daftari moja: kila mtu jina la kazi aliyofanya, miaka, dawa alizoshika kama anazikumbuka, magonjwa aliyonayo, na kama mkewe aliwahi kupoteza mimba, mke mwenyewe akiridhia kuandikwa. Kurasa za karakana zimejaa haraka. Kurasa za ghala la silaha na za wapaka rangi zina majina machache, na tunajua watu wake wapo. Kama wewe ni mmoja wao, au ni mjane wa mmoja wao, njoo. Usijali kwamba hujui jina la dawa. Ukisema lilikuwa pipa la bluu lenye harufu tamutamu, tutaandika hivyo hivyo.